Kununua nyumba kwa mtu ambaye hajawahi kuuza: dili moja, toka "bei haina maongezi" mpaka hati

Ukinunua nyumba moja kwa moja kwa mwenyewe, bila dalali, kila mtu atakwambia faida ni kwamba hamna cha juu. Ni kweli kabisa, ila kazi zote alizokuwa anafanya dalali hazijapotea, zimehamia kwenu wawili, na kama mwenzako hajawahi kuuza hata kiwanja maishani mwake basi nyingi zimehamia kwako peke yako. Kisa hiki nimekiona kwa karibu sana kwa sababu mnunuzi ni rafiki yangu na alikuwa ananishirikisha kila hatua. Hela zenyewe sitazitaja. Tuseme bei aliyoitaja muuzaji ni 100, namba zingine zote utazisoma kwa kulinganisha na hiyo, itakufaa popote ulipo.

Muuzaji ni mzee aliyefiwa na mkewe, nyumba walijenga wenyewe polepole kwa miaka mingi, watoto wameshaondoka, na sasa anataka kuhamia karibu na binti yake. Rafiki yangu benki ilishamwambia inaweza kumkopesha, na kikomo alichojiwekea kichwani ni 90, akifika hapo anaondoka. Alikuwa pia na nyumba ya pili anaifuatilia, hakuipenda sana lakini angeweza kuishi, na hakuiachia mpaka siku ya kusaini. Hiyo nyumba ya pili ilimpa utulivu kuliko ushauri wangu wote, maana mtu asiye na pengine pa kwenda huwa anaonekana usoni, hata na mtu asiyejua biashara.

Sasa, siku ya kwanza mzee alisema bei ni 100 na haina maongezi. Hawajamaliza hata kuzunguka vyumba akauliza, "kwani wewe mwanangu una ngapi?" Mtu mzoefu akisikia hivyo anadhani mzee anacheza na akili yake, mi nikaona tofauti, nikaona ni mtu anayeogopa. Hajui kama 100 ni kubwa au ndogo, amekaa na hiyo namba anaiwaza usiku. Ukikubali haraka atajua amelaliwa, ukimtajia 70 atajua unamdharau, njia zote mbili anaumia. Na hilo la kukubaliwa haraka sio hisia zangu tu, Galinsky na wenzake walilionesha kwenye utafiti wa 2002, watu ambao ofa yao ya kwanza ilikubaliwa papo hapo waliridhika kidogo kuliko waliovutana kwanza, hata pale walipopata bei nzuri zaidi. Muuzaji aliyekosa raha namna hiyo kabla ya kusaini ndo yule anayekupigia simu saa nne usiku kukwambia amebadili mawazo.

Kwahiyo nilimshauri rafiki yangu asijibu namba. Akamjibu hivi: "Baba, nikikutajia leo nitakuwa nabahatisha na wewe utanijibu kwa kubahatisha. Nipe nafasi niikague, tulete mthamini, afu nitakuja na namba nikuoneshe nimeipataje." Mzee hakufurahi sana, ila alitulia.

Kuna sababu nyingine ya kutorusha namba hovyo. Namba ya kwanza ikishatajwa inateka akili ya kila mtu aliyeisikia, hata wataalamu. Mwaka 1987 watafiti Northcraft na Neale waliwapeleka madalali wazoefu na wanafunzi kukagua nyumba halisi kule Tucson, Arizona, kila kundi likapewa makaratasi yaleyale isipokuwa bei ya kutangazwa tu ndo ilibadilishwa. Makadirio ya madalali yakafuata bei waliyopewa, na walipoulizwa wengi hata hawakuitaja hiyo bei kama kitu walichokiangalia. Kama madalali wanatekwa hivyo, mimi na wewe tukishaambiwa 100 tutakuja kuona 90 ni bei ya kutupwa bila kujua tumeipimia wapi. Dawa niliyoamini mimi ni kutafuta namba yako nje kabisa ya hiyo 100, kwenye nyumba zilizouzwa kweli karibuni, sio zinazotangazwa.

Halafu ikabidi tujue 100 imetoka wapi. Hapa ndo penye utajiri wote wa kisa hiki, na wanunuzi wengi wanaparuka. Rafiki yangu alimuuliza tu kwa upole, "baba, hii bei uliifikiaje?" Jibu likawa na vipande vitatu. Cha kwanza, jirani alimwambia kuna nyumba imeuzwa bei hiyo (ilikuja kugundulika ile ilitangazwa kwa bei hiyo, iliuzwa chini). Cha pili ni jumla ya gharama. Mzee akatoa daftari, daftari la shule lenye jalada limelegea, kila ukurasa tarehe na kitu, mifuko ya saruji, nondo, mabati, vigae vya sebuleni, fundi kalipwa nusu, fundi kamaliziwa, na risiti zimebandikwa kwa gundi iliyogeuka njano. Cha tatu hakukisema siku hiyo, kilikuja baadaye, ni hela anayohitaji kule anakohamia.

Ukiwa na haraka utamjibu kwamba gharama sio thamani, na ni kweli, soko halilipi vigae kwa sababu viliwahi kuwa ghali. Ila kumwambia hivyo mbele ya lile daftari ni kumwambia maisha yake hayana bei. Watafiti Kahneman, Knetsch na Thaler walishapima kitu cha namna hii mwaka 1990 kwa vikombe tu, watu wakagawiwa kikombe, na muda mfupi baadaye waliogawiwa wakawa wanadai karibu mara mbili ya ambacho wasio nacho wako tayari kulipa. Hicho ni kikombe cha dakika chache, sembuse nyumba aliyomlea humo mtoto. Rafiki yangu alikaa akalisoma daftari lote pamoja naye, ukurasa kwa ukurasa, na kwenye kurasa za mwisho akaona bati zote zimebadilishwa na nyaya za umeme zimefumuliwa upya sio zamani sana. Liweke hilo akilini, ntalirudia.

Kabla ya kuongelea bei akaenda kukagua hati kwenye ofisi ya usajili. Nasisitiza, kabla. Hati ikaonekana ina majina mawili, la mzee na la marehemu mkewe. Mzee kwa moyo wake mmoja alikuwa anaamini nyumba ni yake peke yake kwa vile amebaki yeye. Inategemea sheria ya pale na namna walivyosajiliwa: kama ni umiliki ambao mwenza akifa sehemu yake inahamia kwa aliyebaki moja kwa moja, basi kinachotakiwa ni cheti cha kifo na kusajili mabadiliko tu, lakini kama kila mmoja alikuwa na fungu lake basi fungu la marehemu linaingia kwenye mirathi, na warithi wote wana sauti. Kwao ilikuwa hiyo ya pili. Maana yake ni kwamba hata wangepatana bei siku ya kwanza na hela ikatoka, mzee asingekuwa na uwezo wa kuhamisha nyumba nzima. Hakuwa tapeli, alikuwa hajui, na matokeo kwa mnunuzi yangekuwa yaleyale.

Namna rafiki yangu alivyomfikishia mzee habari ndo ilibadilisha kila kitu. Angeweza kulitumia kama kisu, "hati yako ina kasoro, shusha bei". Badala yake alimwambia, "baba, tafuta wakili wako wewe, sio wangu, akueleze hili jambo, na watoto wako wajue mapema." Wapo waliomwambia anajitafutia kesi, unamleta wakili wa upande wa pili wa nini. Mi nasimama naye kwa asilimia mia. Mkataba wa nyumba sehemu nyingi hauna nguvu mpaka uwe kwenye maandishi, Uingereza walishaweka sheria ya namna hiyo tangu 1677, na mahakama nyingi zinaweza kuuvunja mkataba kama mtu mzima alisaini bila kuelewa na bila ushauri wowote huku upande mwingine unajua. Wakili wake ni kinga yako. Na kuna jambo la msingi zaidi, mtu hafai kumlalia mzee kwa sababu tu hajui, hata kama sheria ingeruhusu.

Mirathi ilichukua miezi. Vumilia, ndivyo ilivyo.

Wakati huo nyumba ikakaguliwa. Pembeni ya dirisha la jikoni, nyuma ya kabati, kulikuwa na ufa unaopanda kwa mshazari kutoka kona ya dirisha, na mzee hakuutaja. Rafiki yangu akaanza kuhisi anafichwa. Kusogeza kabati vizuri akakuta alama za penseli, vistari vidogo kwenye ncha ya ufa, kila kimoja na mwaka wake, cha kwanza mpaka cha mwisho vyote viko palepale karibu vinagusana. Mzee alikuwa anaupima ufa wake mwenyewe mwaka hadi mwaka. Alipoulizwa akasema, "huo haukui, ndo maana sikuona haja ya kuusema." Mhandisi alipokuja alisema zile alama ni ushahidi ambao yeye asingeupata kwa kutembelea mara moja, ufa wa upana chini ya milimita 5 usioongezeka kawaida ni wa kuziba na kufuatilia tu, kinachotisha ni ule unaozidi kupanuka au umefikia milimita 15 na kuendelea. Sababu akaiona nje, mfereji wa bati unamwaga maji yote kwenye msingi kona ileile. Kuhamisha mfereji, kuweka njia ya maji na kuziba ufa, makadirio yakawa 2.

Muuzaji asiye na uzoefu mara nyingi hafichi, hajui tu kipi ni cha kusema. Kwahiyo usingoje aseme, uliza kimoja kimoja: paa limewahi kuvuja lini, maji yanaingia wapi mvua ikiwa kubwa, mpaka na jirani mlishawahi kubishana, kuna deni la kodi au la maji, kuna mtu mwingine anakaa humu au anadai kitu. Na majibu yaandikwe yaingie kwenye mkataba kama maelezo ya muuzaji.

Mthamini walimchagua wote wawili. Mzee hakutaka kuchangia, sawa, rafiki yangu akalipa, ila akamwelekeza mthamini ripoti aitume kwa wote kwa wakati mmoja ili mzee asije akahisi imepikwa. Ikatoka 82. Mzee aliumia kwa kweli, akanyamaza kabisa, simu hapokei.

Hapo ndo rafiki yangu alifanya kitu ambacho bado watu wanabishana nacho. Alipoisoma ripoti aliona mthamini ameandika paa na nyaya kama za tangu nyumba ijengwe. Akamtumia mzee mesej: "Baba, kwenye daftari lako kuna bati na umeme mpya, mpelekee mthamini hizo risiti." Mzee akapeleka, ripoti ikarekebishwa ikawa 84. Yaani mnunuzi kajipandishia bei mwenyewe.

Kimya cha mzee nacho kilikuwa na maana yake. Mnunuzi anahesabu siku anadhani amekataliwa, kumbe muuzaji anazunguka kuuliza, anamuuliza jirani, mpwa, rafiki wa zamani, na kila anayeulizwa anasema unaibiwa kwa sababu ndo jibu lisilomgharimu chochote. Unabishana na watu ambao huwaoni. Cha kufanya ni kumtafuta yule mmoja ambaye neno lake ndo linakaa na kumwingiza kwenye mazungumzo waziwazi, kwa ruhusa ya mzee. Kwa mzee alikuwa binti yake. Rafiki yangu akaomba waongee wote watatu, na kwa huyo binti ndo kikatoka kile kipande cha tatu: nyumba ndogo wanayomtafutia kule inagharimu 76, na mwenye nayo anataka malipo ya awali haraka la sivyo anampa mtu mwingine. Kumbe mzigo mkubwa wa mzee ulikuwa muda, na hakuna mtu aliyekuwa ameuongelea.

Sasa ofa. Rafiki yangu akaenda na karatasi moja: nyumba zilizouzwa karibuni, ripoti ya 84, toa 2 za maji na ufa, ofa ni 82. Mzee akasema 95, na kabla hajajibiwa, kimya cha sekunde chache tu, akasema basi 92. Watu wasiozoea wanashindana na wao wenyewe hivyo, kimya kinawatisha. Rafiki yangu angenyamaza zaidi labda mzee angefika 88 bila jasho, ila usiku wake mzee angejutia. Rafiki yangu akamwambia, "baba usishushe kwa sababu nimenyamaza, nilikuwa nafikiri."

Kilichowakwamua ni hesabu ya udalali. Kwenye mauzo ya moja kwa moja hiyo hela inahesabiwa mara mbili, muuzaji anasema silipi dalali kwahiyo nitabaki na zaidi, mnunuzi anasema hakuna dalali kwahiyo bei ishuke, wote wanaitaka hela ileile na hakuna anayeisema kwa sauti. Wao waliiweka mezani waziwazi. Tuseme udalali ni asilimia 5: ili mzee abaki na 85 mkononi kupitia dalali, ingebidi auze kwa 89 na nusu hivi. Hiyo namba mzee aliielewa papo hapo, na binti yake akaipiga kwenye simu akahakikisha. Na ukiangalia upande wa pili, 84 ya mthamini kwa dalali ingemwachia chini ya 80. Wakasogeleana mpaka 85, gharama za maji na ufa zikiwa za mnunuzi.

Kilichokuja na hiyo bei kilikuwa na uzito sawa na bei yenyewe. Asilimia 10 inalipwa siku ya kusaini kwenye akaunti ya amana ya wakili, na kutoka hapo inaruhusiwa kwenda moja kwa moja kwa wakili wa yule anayemuuzia mzee nyumba ya kule, sio mkononi kwa mtu yeyote. Mzee anakaa miezi miwili baada ya uhamisho bila kodi, kwa maandishi, na tarehe ya kutoka. Wakili anashikilia 3 mpaka funguo zikabidhiwe na bili zimelipwa. Halafu orodha ya vinavyobaki: tangi, pampu, jiko la kujengea, pazia na fimbo zake, taa, feni. Usicheke orodha ya taa, mtu asiyewahi kuuza anaamini kabisa taa alizonunua yeye ni zake, na mnunuzi anaamini zimekuja na dari, na wote wako sahihi vichwani mwao mpaka siku ya kuhama.

Siku moja kabla ya kusaini, simu. Kuna mtu amempa mzee 95.

Rafiki yangu hakupandisha, na hakupaniki, maana ile nyumba ya pili bado ilikuwepo. Alimwambia, "baba, kama ni ya kweli ni haki yako uchukue. Muulize atakupa kwa maandishi, hela inatoka wapi na lini yote. Nakusubiri siku mbili." Mzee akauliza. Jamaa anatoa theluthi sasa, zilizobaki kidogo kidogo kwa miaka miwili. Theluthi ya 95 ni kama 32, nyumba ya kule ni 76, binti akaliona kabla hata wakili hajafungua mdomo. Ofa ina bei, ina uhakika na ina muda, mzee alikuwa amesikia bei tu, ila aligundua mwenyewe kwa kuuliza maswali mwenyewe, na hiyo ndo sababu hakurudi nyuma tena. Angeambiwa na mnunuzi asingeamini.

Wakasaini, warithi wote wakiwepo au wametuma idhini, kila upande na wakili wake. Miezi miwili ikaisha, mzee akatoka ndani ya tarehe, bili moja ya maji ikaonekana haijalipwa ikakatwa kwenye ile 3, zilizobaki zikaachiwa.

Nirudi kwenye lile la risiti za bati maana ndo swali ninaloulizwa zaidi, kwamba alijichongea kwa kupandisha uthamini toka 82 mpaka 84. Benki nyingi zinakopesha asilimia ya bei au ya uthamini, ile iliyo ndogo. Kwa mkopo wa asilimia 80, uthamini wa 82 ungempa 65.6, wa 84 ukampa 67.2, tofauti ya 1.6 ambayo ingebidi aitoe mfukoni kwake taslimu siku ya kukamilisha, na mzee asingeshuka kwenye 85 kwa vyovyote, maana binti alishatuambia chini ya hapo wangeenda kwa dalali. Mesej ile ilimsaidia mzee, na ilimsaidia yeye pia. Angeituma hata kama isingemsaidia, nilimuuliza akaniambia hivyo, na namjua, namwamini.